Ukuta Nyuma ya Dada Yasawathi

Dada Yasawathi alifanya kazi kwenye posta ndogo ya kijiji chetu miaka thelathini na mmoja, akiunganisha simu za watu. Zamani zile simu ilikuwa moja tu Kandewela nzima, nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono. Ukitaka kuongea na mtu wa Badulla mjini ulimwambia yeye, naye akakuunganisha, kisha akageuza uso dirishani ili ujue hasikilizi. Alikuwa anasikiliza. Sote tulijua. Lakini yaliyoingia sikioni mwake hayakutokea mdomoni, na ndiyo maana hata wanawake waliogombana na mama wakwe zao walikwenda kulia kwenye simu ile ile.

Alistaafu, na mwaka haukuisha mumewe, Muthubanda fundi seremala, akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala. Tangu hapo dada hakutoka nyumbani zaidi ya nusu saa. Muthubanda akimhitaji alikuwa anagonga kijiko kwenye ukingo wa kitanda, na kijiko kile hakikujua saa wala sikukuu.

Kumgeuza na kumwosha hakukumchosha sana. Kilichomuuma ni Poya. Siku ya mwezi mpevu sisi wanawake tunavaa nyeupe, tunavuka korongo, tunapanda kwa Mama Mtawa Khema, tunashika amri nane za Budha na kutafakari mpaka jioni. Sisi tunaita kukaa tu. "Umekaa?" "Nimekaa." Dada Yasawathi alipitisha miaka miwili bila kukaa na watu.

"Nikikaa peke yangu, Ran," aliniambia, "akili inakimbia kama kuku aliyeona kisu. Nikikaa na ninyi inaona haya, inatulia."

Kisha mwaka ule mvua za Oktoba zikaangusha kipande cha mlima juu ya njia ya kwa Mama Mtawa, na daraja likaenda nacho. Hakuna aliyeumia. Ila sasa sote tukawa kama yeye, kila mtu na mkeka wake nyumbani. Hapo ndipo dada aliposema, "Mimi niliunganisha watu kwa waya uliooza. Sasa hakuna hata waya, nitashindwaje?"

Mpwa wake alimwachia simu ya kioo, na kwa wiki tatu alijifunza mwenyewe, miwani puani, kidole kimoja. Alijifunza kwamba unaweza kufungua chumba ndani ya simu, ukampa kila mtu ufunguo wake wa maandishi, naye akiugusa anaingia, mnaonana nyuso wote kwa pamoja, kila mmoja kwenye kidirisha chake. Siku ya kwanza alipotuma ufunguo aliandika hivi: "Leo saa kumi alasiri, chumbani kwa Yasawathi. Vaeni nyeupe. Tukae kimya pamoja." Maneno mazuri. Tatizo, hakuyatuma kwa sisi wanawake wa kukaa. Aliyatuma kwenye kundi la chama cha mazishi.

Ilipofika saa tisa na nusu watu wa chama walikuwa mlangoni na viti vya kukodi, bendera nyeupe za msiba za kufunga njiani, na birika kubwa la chai. Wanaume wawili waliingia moja kwa moja chumbani wakamkuta Muthubanda amefungua macho.

"Na-nani amekufa?" akauliza kwa ule ulimi wake mzito.

Biso, jirani wa nyumba ya chini, ambaye hajawahi kuuchunga mdomo tangu azaliwe, akamjibu, "Wewe, kaka. Ndiyo tumekuja kukuzika."

Muthubanda alicheka mpaka mate yakamtoka. "Ba-basi nipeni chai yangu kwanza."

Baada ya aibu ile chumba kilikaa sawa. Tulikuwa kumi na wawili, pamoja na Mama Mtawa, ambaye alipewa simu na familia moja ya huko ng'ambo ya korongo. Kila siku saa kumi alasiri tuliingia. Mama Mtawa alisema maneno machache, dada akagonga kengele yake ndogo ya shaba, tukafumba macho saa nzima. Akigonga tena, sote tunatamka sadhu, yaani "vyema", mara tatu. Na sadhu ile ilikuwa vituko. Mtandao wa milimani unachelewesha sauti, basi mmoja anamaliza mwingine ndiyo kwanza anaanza, mpaka Biso akasema tunalia kama vyura wa bwawani.

Lakini jogoo wa Biso alikuwa hajui kutafakari. Na mume wa mwingine alikuwa akipita nyuma akiuliza chumvi iko wapi. Dada akatafuta dawa. Akagundua kwamba mwenye chumba anaweza kufunga sauti za wote, wasiweze kuzifungua wenyewe mpaka yeye apende.

"Kengele ikilia nawafungia wote," akatutangazia. "Sauti inabaki yangu peke yangu, ya kengele. Hata Mama Mtawa namfunga, anisamehe."

"Nifunge, mwanangu," Mama Mtawa akasema akicheka. "Na mimi nina kikohozi."

Tulifurahi, nakiri. Ukimya ulikuwa kama maji ya kisima asubuhi.

Sasa niseme jambo langu, kwa sababu bila hilo hadithi haieleweki. Mimi mvua ikinyesha siwezi kufumba macho. Kaka yangu alichukuliwa na mlima, yeye na nyumba yake, mwaka wa mvua ya siku tano, na tangu hapo nikisikia mvua juu ya bati macho yangu yanafunguka yenyewe. Kwa Mama Mtawa nilikuwa nakaa safu ya nyuma, hakuna aliyejua. Ndani ya simu pia hakuna aliyejua, kwa kuwa wote wamefumba. Kwa hiyo nilikuwa nakaa nikiangalia nyuso kumi na moja zimefumba macho, naona haya, naomba msamaha moyoni, na bado naangalia.

Poya ya Novemba mvua ilikuwa imepiga siku mbili mfululizo. Ofisa wa kijiji alipita na kipaza sauti akawaambia watu wa chini ya jabali wahamie shuleni. Nyumba ya dada Yasawathi ilikuwa ya mwisho juu, jabali liko nyuma yake. Nyumba yangu mimi iko mteremko wa pili, ng'ambo ya mashamba ya chai, mwendo wa dakika arobaini kwa goti langu. Nilimpigia simu mchana.

"Dada, umehama?"

"Kesho asubuhi, mdogo wangu. Wanaume watakuja kumbeba Muthu."

"Kwa nini si leo?"

Akashusha sauti. "Hataki. Anasema shuleni atavuliwa na kuoshwa mbele ya watu. Amelia, Ran. Mwanaume yule hakulia hata mama yake alipokufa. Nimempa usiku mmoja tu. Na mvua si imekatika?"

Kweli ilikuwa imekatika. Saa nane jua likatoka, chai ikang'aa, watu wakaanika nguo. Lakini sisi wa milimani tunajua mlima haufanyi haraka kama mvua. Unayanywa maji kwanza. Unakaa nayo tumboni.

Saa kumi tukaingia chumbani. Wote nyeupe. Dada alikuwa ameketi kwenye mkeka, nyuma yake ukuta wa chumba cha mbele, na juu ya ukuta ule rafu ya sanamu ya Bwana Budha aliyoichonga Muthubanda, na kikombe cha kioo chenye mafuta, utambi unawaka. Biso akauliza, "Dada, mlima wako haujambo?"

"Haujambo, unakusalimia."

Tukacheka. Kengele ikalia. Sauti zetu zikafungwa. Macho yakafumbwa.

Mvua haikuwepo, basi nikajaribu kufumba na mimi. Nikahesabu pumzi. Nilifika ishirini, nikapotea, nikaanza tena. Kisha matone yakagonga bati, tak, tak, na macho yangu yakafunguka.

Niliangalia nyuso moja moja kama kawaida yangu. Biso, mdomo wazi kidogo. Mama Mtawa kama jiwe la mtoni. Nikafika kwa dada Yasawathi nikaona kidirisha chake kimekaa upande. Nikadhani simu yangu imeinama. Nikainyoosha. Wengine wote wakawa sawa, yeye bado upande. Nikadhani basi simu yake ndiyo imeteleza. Lakini dada mwenyewe alikuwa amekaa wima kabisa, mgongo umenyooka. Kilichoinama kilikuwa rafu.

Nilitazama kikombe cha mafuta. Mafuta hayadanganyi. Yalikuwa yamelalia upande mmoja, karibu kumwagika, na moto ukiwa wima juu yake. Kisha nikaona mstari, mwembamba kama unywele, ukitoka pembe ya dirisha ukishuka nyuma ya bega lake. Nikasema ni uzi wa buibui. Uzi ukapanuka. Udongo kidogo ukaanguka kutoka humo, laini, kama unga unaochekechwa.

Nikapiga kelele. "Dada! Dada, toka!"

Mwanamke hata hakutikisa kope. Hakuna aliyetikisa kope. Nilikuwa nimefungwa sauti. Nikagusa mahali pa kufungulia, nikagusa tena na tena, kioo kikaniandikia kwamba mwenye chumba hajaruhusu. Nyuso kumi na moja zenye amani mbele yangu, na mimi napiga kelele kama mtu aliye chini ya maji.

Nikachukua simu ndogo ya mume wangu nikampigia dada. Ikaita, ikaita, nikimwona pale pale kwenye kioo ameketi katulia, simu yake imezimwa mlio kama yeye alivyotuagiza sote tufanye. Nikampigia Biso. Vile vile. Mume wangu alikuwa shambani. Nani mwingine? Kila niliyemfikiria alikuwa ndani ya chumba, macho kafumba, anachuma thawabu.

Ufa sasa ulikuwa unaingia kidole.

Hapo nikakumbuka kwamba mtu akitoka chumbani mle, simu ya mwenye chumba inalia ting, na akiingia inalia ting. Dada alikuwa ameuacha mlio ule peke yake, alisema ni kama kengele ya mlango wa posta. Nikatoka. Nikaingia. Nikatoka. Nikaingia. Kila nikitoka sikumwona, na kila kabla ya kuingia nilifikiri, sasa nitakuta giza. Mara ya tano, au ya sita, nilikuta amefumbua macho. Uso wake ulikuwa mpole, wa mtu aliyeamshwa na mtoto.

"Ran, mdogo wangu," akanong'ona, "mtandao wako leo mbovu? Tulia, usihangaike. Kaa tu."

Nikanyoosha kidole nyuma yake. Nikafungua macho kadiri yanavyofunguka. Akakodoa kwenye kioo.

"Nimekaa upande, eh?" Akainamisha simu yake mpaka rafu ikaonekana imenyooka. "Hivi je?"

Jamani. Mungu na miungu yote ya mlima ule inisamehe, nilitaka kumpiga. Nikatikisa kichwa. Nikagusa mdomo, nikagusa sikio, mdomo, sikio. Hapo yule mwanamke wa posta akaamka ndani yake.

"Unataka laini?"

Nikaitikia kwa kichwa mpaka shingo ikauma. Akaanza kutafuta miwani. Kwenye paja, haipo. Kwenye mkeka, haipo. Ilikuwa kichwani. Akaivaa, akasogeza uso kwenye kioo, kidole kile kimoja kikazunguka angani kikitafuta pa kugusa, na nyuma yake kipande cha plasta, kikubwa kama chapati, kikabanduka kikaanguka bila mimi kusikia chochote. Akagusa pabaya. Badala ya kunifungulia mimi akafungulia wote.

"TOKA! DADA TOKA! UKUTA!"

Macho yote yakafumbuka kwa pamoja. Chumba kizima kikalipuka kwa kelele. Jogoo wa Biso, kelele za wanawake, mtu anauliza "Nini? Nani?" Dada Yasawathi akageuka. Akautazama ukuta, kitambo hivi, bila kupiga ukelele. Ndani, nyuma ya pazia, kijiko kilikuwa kinagonga ukingo wa kitanda, haraka haraka. Muthubanda alikuwa amesikia mlima kabla yetu.

Akasimama akaenda kwa kijiko.

"Dada, mlango! Nenda mlangoni!" nikalia.

Hakurudi. Tukabaki na mkeka mtupu. Biso alikuwa ameshatupa simu chini, tunaona dari yake tu na kusikia sauti yake: "Wanaume! Kwa Yasawathi! Kimbieni, acheni sahani!" Kwenye kidirisha cha dada kikombe cha mafuta kiliteleza kikaanguka, moto ukafa. Sanamu ikaenda mbele polepole, kama mtu anayeinama kusalimu. Kisha ukaja mvumo, kama lori linalomwaga kokoto, na picha ikaganda. Nusu ya ukuta, nusu kitu cha rangi ya udongo. Ikakaa hivyo muda gani sijui. Halafu kidirisha kikatoweka, tukabaki kumi na mmoja.

Hakuna aliyetoka. Niliogopa hata kugusa kioo, nikidhani nikikigusa yeye atakosa njia ya kurudi. Mama Mtawa alianza kusoma pirit, zile aya za kumkinga mtu, nasi tukafuata, vyura wale wale, huyu mbele yule nyuma, ila sasa hakuna aliyecheka. Mwenzetu mmoja alikuwa analia tu bila maneno. Biso alirudi akaokota simu, uso wake umekuwa wa kijivu.

"Vumbi limejaa. Sioni nyumba. Wamepanda, sioni hata wao."

Tukasoma. Ikapita nusu saa. Simu ya Biso, ambayo sasa alikuwa ameifungulia mlio, ikaita ndani ya masikio yetu sote. Akaitazama mkononi mwake kama nyoka.

"Ni mume wangu."

"Pokea!"

"Sipokei. Pokea wewe."

"Simu yako nitaipokeaje mimi, Biso! Pokea!" nikamfokea.

Akapokea. Na kumbe ukipokea simu ya kawaida, sauti yako chumbani inakatika. Tukamwona tu. Mdomo unakwenda. Mkono ukapanda kichwani. Mdomo ukasimama, akasikiliza. Kisha akajifunika uso kwa upindo wa nguo yake nyeupe, mabega yakaanza kuruka, na hatukujua, naapa hatukujua, ni kilio cha namna gani. Mama Mtawa aliacha kusoma.

Sauti ya Biso ikarudi katikati ya kwikwi. "...kwenye mkeka. Alimburuta kwenye mkeka wa kitandani mpaka kizingiti cha mlango wa pembeni, peke yake, karibu kiuno kimkatike. Wao wakamdaka hapo. Wote wawili. Wazima. Nyumba haipo."

Nililala chini pale pale kwenye sakafu ya jikoni.

Nilimwona siku ya pili, shuleni. Muthubanda alikuwa amelazwa nyuma ya mashuka mawili ambayo wanawake walikuwa wameyashona pamoja ili asionekane akioshwa. Dada alinishika mikono.

"Kwa hiyo," akasema, "siku zote hizo ulikuwa hukai. Ulikuwa unatuchungulia."

"Naona haya, dada."

"Na mimi nakoroma mdomo wazi?"

"Huyo Biso."

Akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha akaniuliza taratibu kama ni kosa lake, kutufunga sauti. Nilimwambia Mama Mtawa amesema yeye ndiye alikuwa wa kwanza kukubali kufungwa, na kosa kama lipo tuligawane kumi na wawili, halitakuwa zito.

Sasa anakaa na Muthubanda kwa dada yake bondeni, mahali tambarare ambapo mlima unauona kwa mbali kama picha. Mwezi wa Januari alifungua chumba tena. Saa kumi tukaingia wote. Nyumba ile ni ya kupanga na ina watu wengi, hivyo alikuwa amening'iniza shuka la maua nyuma yake, zuri, limepigwa pasi. Hakutufunga sauti. Akainua kengele.

"Ngoja," nikasema. "Dada, toa hilo shuka."

"Mbona? Nimelitundika kwa ajili yenu."

"Litoe. Nataka kuona ukuta."

Biso akafungua mdomo wa kutania, akaufunga. Dada aliweka kengele chini, akasimama, akalitoa shuka pande zote mbili. Ukuta ulikuwa mweupe, mtupu, una msumari mmoja. Niliukagua kutoka juu mpaka chini. Wengine wakanisubiri, hakuna aliyeniharakisha.

"Nimeuona," nikasema. "Gonga."